Hujaji wa Ufipa na kadi ya benki: ipi aichukue, ipi aiache?

Ndugu Waislamu, juma hili ukurasa wetu unajibu swali lililotufikia kutoka Sumbawanga. Familia moja ya huko imejikusanya baada ya mavuno, ikauza magunia ya mahindi na ng'ombe wawili, na sasa mama yao mzazi, aliyekwisha kuvuka umri wa miaka sitini, amepata nafasi katika msafara wa Hijja. Gharama za msafara zimelipwa. Lililobaki ni fedha za mkononi: za kununulia chakula pale ambapo msafara haukilishi, dawa, simu, sadaka, na zawadi chache za kuwarudishia wajukuu. Hapo ndipo watoto walipogawanyika. Mmoja anasema mama abebe dola za noti tu, kama walivyobeba wazee waliotangulia. Wa pili anataka apewe kadi ya benki. Wa tatu, anayefanya kazi Dar es Salaam, amekuja na shauri la kadi ya mkopo ya jina lake mwenyewe, "ili mama asipungukiwe na kitu katika nchi ya watu." Wametuuliza ni lipi lililo sawa kisheria na lipi lililo salama.

Swali hili si dogo kama linavyoonekana. Kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam ni mwendo wa zaidi ya kilometa 1,000, kwa kupita Laela, Tunduma na Mbeya, kabla hata ndege haijaonekana. Mtu aliyezoea baridi ya uwanda wa Ufipa anashushwa katika joto la Makka, katikati ya umati usio na idadi, na lugha asiyoijua. Akipotelewa na fedha pale, hana jirani wa kumwazima. Na akizipata fedha kwa njia ya haramu, huenda asipotelewe na kitu mfukoni, lakini atakuwa ameichafua safari aliyoiombea dua miaka thelathini.

Qur'ani imelizungumza jambo la masurufu ya safari ya Hijja waziwazi. Katika Surat Al-Baqara, aya ya 197, mahujaji wameamrishwa wachukue masurufu, na wakakumbushwa kuwa bora ya masurufu ni uchamungu. Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Abbas (Mwenyezi Mungu amridhie) kwamba walikuwapo watu wa Yemen waliokuwa wakienda Hijja mikono mitupu, wakisema wao wanamtegemea Mola wao, kisha wakifika Makka wanawaomba watu. Aya ikateremka juu yao. Kwa hiyo mwenye kukaa chini akahesabu riyali za mama yake asidhani kuwa anafanya jambo la kidunia tu. Anatekeleza amri ya safari.

Wala si jambo geni kwa Waislamu kusafiri pasipo kubeba fedha yote mwilini. Vitabu vya fiqhi vimehifadhi habari ya Abdullah bin Zubayr, ambaye alikuwa akipokea dirhamu za watu mjini Makka, akawaandikia barua kwa ndugu yake Mus'ab aliyekuwa Iraq, nao wakifika huko wakalipwa kiasi kile kile. Ibn Abbas alipoulizwa hakuona ubaya. Muamala huo uliitwa suftaja. Wanazuoni wa baadaye walikhitalifiana juu yake, kwa kuwa mwenye kukopesha anapata faida ya usalama wa njia, na kila mkopo unaomvutia mkopeshaji faida una shaka. Angalia umakini wao: waliogopa hata faida ya usalama, sembuse faida ya fedha taslimu. Kadi ya benki ya leo ni mjukuu wa barua ile, na swali la kuiuliza ni lile lile la wazee wetu: hii fedha ni ya nani, na nani anapata nini juu yake?

Kadi zinafanana sura, hazifanani hukumu

Sehemu kubwa ya mkanganyiko inatokana na nembo. Watu wengi husema "kadi ya Visa" wakidhani ni aina moja ya kadi, na wapo hata waliochanganya Visa hiyo ya benki na viza ya kuingilia Saudia, wakaamini kuwa ukipata moja umepata na nyingine. Visa na Mastercard ni majina ya mitandao tu, yaani barabara ambayo malipo hupitia kutoka duka la Makka hadi benki iliyotoa kadi. Juu ya barabara hiyo hiyo hupita kadi ya halali na kadi yenye riba. Nembo haikuambii kitu. Mkataba ndio unaokuambia.

Kadi ya kwanza ni ile iliyofungwa kwenye akaunti. Unapolipa au unapotoa fedha, kiasi hicho hukatwa moja kwa moja katika akiba yako mwenyewe. Isipokuwamo fedha, mashine hukataa. Hii ndiyo kadi ambayo wengi wetu tunayo na tunaiita kadi ya ATM. Kadi ya pili ni ya mkopo: benki hukulipia kwa fedha zake, ikakuwekea kikomo, na mwisho wa mwezi ikakuletea hesabu. Ukilipa yote kwa muda uliopangwa, mara nyingi hutozwi nyongeza juu ya manunuzi. Ukibakisha, nyongeza huanza kuhesabiwa. Ipo na ya tatu, inayojazwa fedha kabla ya safari, pengine kwa dola, nayo hukumu yake iko karibu na ile ya kwanza, kwa kuwa unatumia ulichokiweka. Kampuni za simu nazo siku hizi hutoa kadi za namba tupu zisizo na plastiki kwa ajili ya malipo ya intaneti. Hizo zitamfaa kijana anayelipia hoteli kabla ya safari, hazitamfaa bibi aliyesimama mbele ya mashine ya kutolea fedha.

Jambo moja la kuangaliwa mapema: si kila kadi ya ATM inavuka mpaka. Zipo kadi za mtandao wa ndani, kama ule wa UmojaSwitch ulioanza mwaka 2006 kwa kuunganisha mashine za benki nyingi ndogo nchini. Kadi yenye nembo hiyo peke yake hufanya kazi Sumbawanga, Mbeya na Dar es Salaam, lakini mbele ya mashine ya Madina ni kipande cha plastiki. Kadi ya safari iwe na nembo ya mtandao wa kimataifa, na benki iulizwe kama matumizi ya nje ya nchi yamefunguliwa, kwa sababu baadhi ya benki huyafunga hadi mteja aombe.

Wanazuoni wamesema nini

Mwezi Septemba mwaka 2000 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lenye makao yake Jeddah, lilikutana Riyadh katika kikao chake cha 12 na likatoa azimio namba 108 kuhusu kadi za mkopo, yaani kadi zisizo na fedha ya mteja nyuma yake. Lilisema haijuzu kutoa wala kutumia kadi ya aina hiyo ikiwa mkataba wake umeweka sharti la nyongeza ya riba, hata kama mwenye kadi amenuia kulipa ndani ya muda wa msamaha. Hapo ndipo wengi hukwama. Kijana wa Dar es Salaam atasema, "Mimi nitalipa kabla ya tarehe, riba hainigusi." Baraza lilimjibu kabla hajauliza: tatizo si kulipa riba tu, ni kutia saini mkataba unaoikubali. Mwenye kusaini amekwisha kusema kuwa akichelewa atailipa. Na nani kati yetu ana hakika ya kutochelewa?

Azimio hilo hilo halikufunga kila mlango. Ikiwa kadi ya mkopo haina sharti la nyongeza juu ya deni, inajuzu, na benki inaruhusiwa kutoza ada maalumu ya kuitoa na kuihuisha, ikiwa ni malipo ya huduma iliyofanyika. Kutoa fedha taslimu kwa kadi hiyo ni kukopa kwa aliyeitoa, na hakuna ubaya ikiwa hakuna nyongeza ya riba. Ada ya kiasi maalumu, isiyofungamana na ukubwa wa mkopo wala urefu wa muda, haihesabiwi kuwa riba. Ama ada inayopanda kwa kadiri unavyochukua zaidi, hiyo imeingia mlango uliokatazwa. Baraza pia lilikataza kununua dhahabu, fedha na sarafu kwa kadi isiyo na fedha nyuma yake. Hili liwafikie akina mama wanaopenda kurudi na pete au bangili kutoka masoko ya Makka: dhahabu hununuliwa mkono kwa mkono, haikopwi.

Wapo wanazuoni wa zama hizi waliolegeza kwa Mwislamu anayeishi katika nchi ambako bila ya kadi ya mkopo mambo yake ya lazima hukwama, naye ana uhakika wa kulipa kwa wakati. Tunawaheshimu. Lakini rukhsa hufungamana na dharura, na sisi hatuioni dharura iko wapi kwa mama wa Sumbawanga ambaye fedha yake ipo na njia nyingine zipo.

Tuliweke jambo hili kwa hesabu, maana hesabu huwafungua macho wengi. Tuchukulie kadi ya mkopo inayotoza asilimia 3 papo hapo kwa kila fedha taslimu inayotolewa, na asilimia 3 kwa mwezi juu ya deni. Namba hizi ni za mfano; kila benki ina zake, na mkataba usomwe. Mama ametoa riyali 2,000. Zimeondoka riyali 60 pale pale. Fedha taslimu kwa kawaida haina muda wa msamaha, nyongeza huanza siku ile ile, na wengi hawalijui hili hadi waletewe hesabu. Mwana amekwama kazini miezi mitatu bila kulipa: riyali 60 mara tatu ni 180. Jumla 2,240, kabla hatujahesabu riba juu ya riba. Zile riyali 240 ndizo alizozizungumza Mwenyezi Mungu katika Surat Al-Baqara kuanzia aya ya 275, na aya ya 279 inataja vita kutoka kwa Mwenyezi Mungu na Mtume wake kwa asiyeacha. Nani anataka kumpeleka mama yake katika Nyumba ya Mwenyezi Mungu huku nyuma ameitangaziwa vita hiyo?

Kuna na jambo la mauti, ambalo hatupendi kulizungumza mbele ya msafiri, lakini sheria imelizungumza. Katika Hijja ya mwaka 2024 serikali ya Saudia ilitangaza vifo vya mahujaji 1,301 katika joto kali, na wengi wao walikuwa wale walioingia bila kibali cha Hijja na kutembea masafa marefu juani. Mtume (SAW) alikuwa akiletewa jeneza akiuliza kama maiti ana deni, na alipoletewa mtu mwenye deni la dinari mbili hakumsalia hadi Abu Qatada alipojitwika kulilipa. Anayesafiri na fedha yake mwenyewe, akifa, anaacha mirathi. Anayesafiri kwa kadi ya mkopo anaacha deni lisilosimama kukua mpaka kwanza watu wamalize matanga na kwenda kuitafuta benki.

Na hapa tunataka kusema jambo ambalo ndugu watatu wale hawakuuliza. Hijja ni faradhi kwa mwenye uwezo, kama ilivyo katika Surat Aal Imran, aya ya 97. Asiyekuwa na uwezo haikumlazimu, hakuna anayemdai. Kwa hiyo kukopa kwa riba ili kukamilisha ibada ambayo kwa asiye na uwezo haijawa wajibu ni kuibeba haramu kwa ajili ya kitu usichodaiwa. Kama mama ana kiasi cha kumtosha kwa kula, kulala, dawa na hady, uwezo umetimia. Zawadi za wajukuu si nguzo ya Hijja.

Kadi ya akaunti, na akaunti ya namna gani

Tumekwisha kujibu nusu ya swali. Nusu ya pili ni kadi iliyofungwa kwenye akaunti, nayo Baraza lile lile liliizungumza katika kikao chake cha 15 mjini Muscat, mwezi Machi mwaka 2004. Lilisema inajuzu kutoa na kutumia kadi yenye fedha ya mteja nyuma yake, madhali hakuna sharti la riba, na inajuzu kuinunulia hata dhahabu na sarafu. Sababu ni kuwa fedha ipo na inahama papo hapo. Mwaka 1990 Baraza lilikuwa limekwisha kukubali kuwa kuingizwa au kukatwa fedha katika akaunti kunahesabiwa kuwa ni kukabidhiana. Hivyo shilingi za mama zikikatwa katika akaunti yake Sumbawanga na riyali zikatoka katika mashine ya Makka, masharti ya ubadilishanaji wa sarafu yametimia kwa kauli hiyo.

Linalobaki ni akaunti yenyewe. Akaunti ya akiba ya kawaida katika benki ya kawaida huongezewa faida ambayo ni riba. Anayeweza aikwepe kwa kufungua akaunti inayoendeshwa kwa misingi ya Kiislamu. Hapa nchini milango imefunguka kidogo kidogo: NBC ilianzisha huduma hiyo mwaka 2010, Amana Bank ilianza kazi mwaka 2011 ikiwa benki ya kwanza nchini inayofuata misingi hiyo kikamilifu, na CRDB ilianzisha huduma ya Al Barakah mwaka 2021. Waislamu wa Ufipa ni wachache kuliko ndugu zao wa pwani, na wengi wao wametawanyika mjini na kandokando ya ziwa, Kirando na Kasanga. Mtu asione haya kwenda kwenye tawi la Sumbawanga na kuuliza kama akaunti ya aina hiyo hufunguliwa hapo na kama inakuja na kadi ya kimataifa. Wateja wakiuliza mara kwa mara, benki husikia. Ikishindikana kabisa, achukue akaunti isiyo na faida, na ikiwa faida imeingia bila ya hiari yake, wanazuoni wengi wamesema aitoe kwa masikini au maslahi ya umma kwa nia ya kujisafisha, si kwa kutaraji thawabu za sadaka. Pia aisaini karatasi kwa uangalifu: baadhi ya akaunti huruhusu kuchukua zaidi ya kilichomo, na hapo kadi ya akaunti hugeuka kuwa ya mkopo kimya kimya. Aombe ruhusa hiyo ifungwe.

Akaunti iwe ya mama mwenyewe, kwa jina lile lile lililo katika pasipoti yake. Tumesikia watoto wakimkabidhi mzazi kadi ya mwana pamoja na namba ya siri. Hoteli au duka likiomba kitambulisho, majina hayalingani. Kadi ikimezwa na mashine, mwenyewe yuko Sumbawanga. Faida kubwa ya akaunti yake ni hii: fedha ikimpungukia siku ya kumi, mwanawe ataingiza shilingi akiwa Sumbawanga, au hata kwa simu akiwa Namanyere, na mama akazitoa kwa riyali huko aliko. Basi lile shauri la kijana wa Dar es Salaam, la kumkinga mama asipungukiwe, linatimia bila deni la mtu yeyote. Kile kiasi alichotaka kukikopa, akiwekee akiba kidogo kidogo, na kama mama hatakihitaji kitabaki pale pale.

Sasa gharama. Riyali ya Saudia imefungwa kwa dola tangu mwaka 1986 kwa kiwango cha riyali 3.75 kwa dola moja. Hii ni rehema kwa msafiri, kwani hahitaji kubahatisha: dola 100 ni riyali 375, na mbadilishaji anayekupa 360 amejikatia 15. Shilingi yetu ndiyo inayopanda na kushuka, na mwaka 2023 na 2024 watu waliiona dola ikiadimika na bei yake kupanda. Kwa hiyo mwenye safari ya mwakani asingoje wiki ya mwisho. Kadi nayo ina makato yake: ada ya kutoa fedha nje ya nchi, ada ya mwenye mashine wakati mwingine, na tofauti ya kiwango cha kubadilishia. Ombeni benki iwaandikie makato hayo kwenye karatasi. Kwa kuwa ada nyingi hukatwa kila unapotoa, atakayetoa riyali 200 mara kumi atalipa ada kumi. Bora atoe 1,000 mara mbili, azigawe mahali pawili.

Mashine nyingi za nje zina mtego wa adabu. Ikitambua kuwa kadi imetoka Tanzania, itauliza kwa upole kama ungependa kulipa kwa shilingi, ukaziona namba unazozijua, moyo ukatulia. Kataa. Ukikubali, mwenye mashine ndiye anayepanga kiwango cha kubadilishia, na mara nyingi hujipendelea. Chagua riyali, uiachie benki yako ibadilishe. Hoteli nazo, kwa wanaosafiri nje ya misafara, huzuia kiasi fulani katika kadi kama dhamana. Kwa kadi ya akaunti hiyo ni fedha yako halisi iliyofungwa, na huenda ikachukua siku kadhaa kurudi. Hapa, tuseme kweli, kadi ya mkopo ina nafuu yake. Nafuu hiyo haihalalishi mkataba.

Na yule ndugu aliyeshauri noti za dola asione amepuuzwa. Fedha taslimu haiachwi. Mashine huharibika, mtandao hukatika, siku za Mina foleni huwa ndefu, na siku za Idi benki hufungwa. Kiasi cha kumtosha wiki moja kiwe taslimu, nusu kwa riyali tangu mwanzo. Noti za dola ziwe mpya, safi, zisizochanika wala kuandikwa, kwa sababu za zamani na zilizochakaa hukataliwa au kushushwa thamani. Shilingi asizitegemee huko hata kidogo. Zinunuliwe benki, na risiti itunzwe. Maduka mengi ya kubadilishia fedha yalifungwa mwaka 2018 na 2019, na hata baada ya milango kufunguliwa tena, mtu anayekuita pembeni ya stendi ya Tunduma si duka. Aidha tangu mwaka 2025 kanuni zimekataza kudai malipo kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani ya nchi, isipokuwa zile zilizoachwa na kanuni zenyewe. Wakala akidai dola, aulizwe ni kwa msingi gani kabla ya kuzikimbilia.

Fedha hizo azivae mwilini. Kwa wanaume walio katika ihramu, wanazuoni tangu zama za maswahaba wameruhusu mkanda wa kuhifadhia fedha kiunoni, na riwaya za ruhusa hiyo zimepokewa kutoka kwa Bibi Aisha na Ibn Abbas. Katika tawafu mikono ya wezi haina ihramu. Kadi asiende nayo kwenye tawafu. Ibaki hotelini mahali pa kufungwa, na ya akiba, kama ipo, ikae kwa mwenzake anayemwamini. Asiichanganye pia na kadi ya Nusuk, inayotolewa kwa mahujaji tangu mwaka 2024. Ile ni kitambulisho cha kuingilia maeneo matukufu, haina hata riyali moja ndani yake, lakini hiyo lazima awe nayo kila wakati.

Mama huyu hajawahi kutumia mashine ya kutolea fedha. Watoto wamelitaja hili katika barua yao kama kikwazo. Si kikwazo. Miezi miwili kabla ya safari mwanawe ampeleke kwenye mashine mjini Sumbawanga mara tatu au nne, amsimamie nyuma, asimshikie mkono. Atoe elfu kumi, asome risiti au asomewe. Namba ya siri aichague yeye, isiwe mwaka wake wa kuzaliwa, na asiiandike nyuma ya kadi. Akishindwa kabisa, amteue mtu mmoja katika kikundi kwa wakala, na kila kinachotolewa kiandikwe katika daftari dogo. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Al-Baqara, imekuja kuhusu kuandikiana, na kuandika si kumshuku mtu. Namba ya simu ya benki ya kuzuia kadi iliyopotea iandikwe pahala pengine pasipo na kadi. Laini yake ya simu iendelee kupokea ujumbe akiwa nje, ili kila fedha inapotoka ajue.

Kuhusu hady, aulize msafara kama imeshalipiwa. Kama haijalipiwa, kiasi hicho kitengwe kabla ya kingine chochote, na kilipwe katika mradi rasmi wa Adahi uliopo tangu mwaka 1983, si kwa kijana anayetembeza risiti mitaani.

Haya tuliyoyasema yanawahusu na wasafiri wengine wa Rukwa, ingawa kwa vipimo tofauti. Mfanyabiashara anayevuka Kasesya kwenda Mbala na Mpulungu kadi itamfaa kidogo tu. Kule ni kwacha mkononi, naye akumbuke kuwa tangu Januari 2013 Zambia iliondoa sifuri tatu katika fedha yake, asije akauziwa noti za zamani. Aendaye Guangzhou atakuta wachuuzi wanataka malipo kwa simu, na tangu mwaka 2023 Alipay na WeChat zimerahisisha kuunganishwa na kadi za kigeni. Anayempeleka mgonjwa India aulize kikomo cha kadi kwa siku, maana malipo ya hospitali huweza kuzidi kikomo hicho, na fedha kubwa ni bora itumwe benki kwa benki.

Tumrudie kijana wa Dar es Salaam, ambaye tunadhani nia yake ni njema kuliko ya wote. Kama kadi ya mkopo bado hajaichukua, asiichukue. Kama ameshaichukua, alipe kilichomo mara moja kabla nyongeza haijaanza, aiandikie benki barua ya kuifunga, na apate majibu ya maandishi kuwa imefungwa, kwani kukata plastiki kwa mkasi hakuvunji mkataba na ada ya mwaka huendelea kuhesabiwa. Kisha fedha aliyoitenga kwa marejesho aiingize katika akaunti ya mama mapema, kabla msafara haujaondoka Sumbawanga.